Jumamosi Programu Ilipogoma Kuwaka

Ilipofika saa mbili asubuhi, Mama Pacha alikuwa amekwisha kuiwasha programu mara kumi na nne, na mara zote kumi na nne ilikuwa imegoma. Haikugoma kwa kishindo. Ilijikongoja kidogo, ikaandika mistari michache ya kutia moyo, kisha ikamwaga kioo kizima cha malalamiko na kujizima yenyewe. Kila jaribio lilikula dakika nne, na dakika nne za kungoja kitu unachojua kitakuangusha si mchezo.

Mama Pacha alikuwa mkuu wa chumba cha kompyuta katika benki ya damu. Jina lake la kwenye mkataba lilikuwa limeshalala. Tangu alipojifungua wasichana wawili kwa mkupuo mmoja, hata mkurugenzi alimwita hivyo. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya maabara. Kilikuwa na meza tatu, feni ya ukutani iliyolia kila ilipogeukia kushoto, na kabati la chuma lenye seva, ambalo mlango wake ulikataa kushika mpaka ukafungwa kwa kamba ya kiatu.

Jumamosi hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya kuhama. Programu ya zamani ilikuwa imetumika miaka tisa na ilikuwa imechoka kama punda wa kukodi. Mpya iliandikwa humo humo ndani, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Mpango ulikuwa umebandikwa ukutani: saa kumi na mbili, izimwe ya zamani na data zote zihamishiwe kwenye mpangilio mpya; saa moja, iwashwe mpya; saa mbili, milango ifunguliwe kwa wachangiaji damu. Hatua ya kwanza ilikwenda kama maji mferejini. Ya pili ndiyo iliyokwama. Na kurudi nyuma hakukuwa rahisi, maana kuzirudisha data zilikotoka kungechukua saa tano nzima.

Programu ile ilikuwa na sehemu ndogo ndogo nyingi: moja ya kuandikisha wachangiaji, moja ya upimaji, moja ya kutunza idadi ya mifuko ya damu, moja ya kuigawa kwa hospitali, na nyingine chungu nzima. Sehemu hizo hazikujitafutia vifaa vyao. Kila moja ilitaja tu inachohitaji, na programu ya msingi iliyozibeba zote, ambayo wenyewe huiita kiunzi, ndiyo iliyozunguka wakati wa kuwashwa, ikakusanya vilivyopo na kukipeleka kila kifaa kinakotakiwa. Ni utaratibu mzuri, hasa siku unapofanya kazi. Siku usipofanya, kiunzi hakina huruma. Kikikosa kifaa kimoja tu kati ya mia tatu, hakiwashi hata hivyo vingine.

Malalamiko ya siku hiyo yalikuwa na mistari mia mbili na ushei, lakini ukiyakamua ulibaki na jambo moja: sehemu ya upimaji imehitaji Msomaji wa Mashine, na Msomaji wa Mashine hakupatikana.

Huyo Msomaji, ambaye hakuwa mtu bali kipande cha programu, ndiye aliyepokea majibu kutoka mashine ya kupimia makundi ya damu na kuyaingiza kwenye programu. Bila yeye majibu yangeandikwa kwa mkono, na katika kazi ile kuandika kundi lisilo sahihi si kosa la kufuta kwa kifutio. Aliyemwandika Msomaji alikuwa Mzee Kalamu, aliyekaa meza ya karibu na mlango.

Mzee Kalamu alikuwa karani wa kumbukumbu wa maabara kwa miaka ishirini na sita kabla hajahamishiwa chumba cha kompyuta. Java aliianza akiwa na miaka hamsini na mmoja, akaisoma kama watu wanavyosoma vitabu vya dini, mstari kwa mstari, bila kuruka. Kila alichotaka kukiandika kwenye kompyuta alikiandika kwanza kwenye daftari kwa kalamu ya wino. Alikuwa mzito, hilo hakuna aliyelikataa, yeye mwenyewe akiwemo. Lakini alikuwa amekaa miezi miwili mbele ya ile mashine akijifunza ishara zake, na hakuna mwingine pale kazini aliyezijua.

Mwanzoni Mama Pacha alimuuliza kwa adabu. Je, alikumbuka kumwekea Msomaji ile alama ndogo inayokiambia kiunzi kwamba hiki ni kifaa, kichukue? Mzee akasema aliiweka. Mama Pacha akafungua faili, akaikuta alama imekaa mahali pake. Akauliza kama Mzee alituma kazi yake ya mwisho. Mzee akasema aliituma Jumatatu. Mama Pacha akatazama, akaikuta, ya Jumatatu kweli. Basi kila jibu la Mzee lilipoonekana kuwa sahihi, ndivyo Mama Pacha alivyozidi kumkasirikia, maana mtu mwenye jibu sahihi hakusaidii kitu ikiwa programu yako haiwaki.

Akafuta mabaki ya zamani yote na kuijenga programu upya kuanzia sifuri. Ikagoma. Akaizima seva yenyewe, akahesabu hadi thelathini, akaiwasha. Programu ikagoma. Alianza kusoma yale malalamiko kutoka chini kwenda juu, kisha kutoka juu kwenda chini, kana kwamba yangebadilika yakisomwa kinyumenyume. Macho yakaanza kumuwasha.

Simu ikaita. Alikuwa wifi yake.

Wifi alikuwa dada mkubwa wa mumewe, na ndiye mkuu wa maabara. Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa wawili hao walikuwa wameishi kwa heshima, ile heshima ya watu wawili wanaopandisha kabati moja ngazini: kila mmoja anamwangalia mwenzake asije akaachia. Mkurugenzi alipotaka kununua programu ya nje, ni wifi aliyesimama mkutanoni akasema kwamba waliomo ndani wanaweza. Neno hilo Mama Pacha alikuwa hajawahi kulishukuru kwa mdomo, na sasa lilimkaa shingoni kama gunia.

Wifi alisema bila kupandisha sauti kwamba wachangiaji arobaini na watatu walikuwa wamekaa ukumbini. Makarani wawili walikuwa wakiandika kwenye vitabu vya zamani, na yeye mwenyewe alikuwa ametoka sasa hivi kwenye chumba cha baridi, na koti, kutafuta kwa macho mifuko miwili ambayo hospitali iliihitaji. Ameipata, alisema, lakini vidole havijarudi. Kisha akauliza itawaka saa ngapi.

Mama Pacha akasema sasa hivi.

Kabla hajaiweka simu, ikaita tena. Safari hii alikuwa mumewe, kutoka nyumbani, akisema kwa sauti ya mtu anayekanyaga yai kwamba dada amempigia na kumwambia amwambie mkewe afanye haraka. Mama Pacha alimwambia amshukuru dada sana. Akaipindua simu kifudifudi mezani.

Mkurugenzi aliingia saa mbili na nusu. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kuuliza swali moja kwa maneno matano tofauti. Akasimama nyuma ya kiti cha Mama Pacha na kuuliza tatizo ni nini. Halafu akauliza kilichoharibika ni kipi. Halafu akauliza tunazuiliwa na nini hasa. Mama Pacha alihisi pumzi ya mtu kisogoni, akaona kioo kinamwaga malalamiko kwa mara ya kumi na tisa, na ulimi, ambao hauna mfupa, ukamponyoka.

“Tatizo ni kazi ya Mzee,” alisema. “Kifaa chake hakionekani. Kazi hii haitaki kubahatisha, nilisema toka mwanzo. Mtu huyajifunza haya ujanani.”

Feni ikageukia kushoto, ikalia. Mzee Kalamu akaifunika kalamu yake.

“Jumatano jioni ilikuwa inawaka,” alisema, “na mashine yenyewe ikiwa imeunganishwa. Nimeandika hapa. Mimi ningeuliza tangu Jumatano kimebadilika nini.”

Lilikuwa swali la busara, na huenda ndiyo sababu lilimchoma. Mtu aliyesoma kompyuta chuo kikuu miaka minne, akaandika programu miaka kumi na tatu, anaambiwa mbele ya mkurugenzi wake aanzie wapi. Na aliyemwambia ni karani.

“Mzee, naomba uende nyumbani,” alisema bila kugeuka. “Nitaishughulikia mwenyewe. Nitamaliza upesi kuliko nikianza kueleza.”

Mkurugenzi akatazama viatu vyake. Mzee Kalamu alikusanya daftari, miwani na chupa yake ya chai, akakisukuma kiti chini ya meza, akaaga kama anavyoaga kila siku. Hakuna aliyeitikia vizuri.

Alipotoka, Mama Pacha akakunja mikono ya blauzi. Kama kiunzi hakimwoni Msomaji, basi atakishika mkono akionyeshe. Akaandika mistari michache ya kukielekeza kwa lazima: Msomaji huyu hapa, mchukue. Akajenga, akawasha, akangoja dakika zake nne. Safari hii programu ilifika mbali kidogo, akaanza kutabasamu, na tabasamu halijaenea ikaanguka. Msomaji amepatikana, kiunzi kilisema, ila Msomaji naye anahitaji Mtafsiri wa Ishara, na Mtafsiri hakupatikana.

Sawa. Akamwonyesha Mtafsiri kwa mkono vile vile. Dakika nne. Mtafsiri akahitaji Kumbukumbu za Mashine, nazo hazikupatikana. Akazionyesha. Dakika nne. Ikawa kama mgeni anayekuja na mgeni wake, na huyo naye kaja na wake. Kisha likaja lililomvunja kabisa: Msomaji anazihitaji Kumbukumbu ndipo aundwe, na Kumbukumbu zinamhitaji Msomaji ndipo ziundwe, kwa hiyo hakuna wa kutangulia. Kila mmoja alikuwa amesimama mlangoni akimwambia mwenzake pita wewe kwanza. Mzee Kalamu alikuwa amelitatua fundo hilo kwa njia yake, mahali fulani kwenye mafaili yake, na Mama Pacha kwa kulazimisha mambo alikuwa amelifunga upya, akakaza.

Saa nne kasoro. Simu iliyopinduliwa ilikuwa ikitetemeka mezani na kusogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni. Aliiacha. Alijaribu hivi, akajaribu vile. Alifuta mstari, akaurudisha, akaufuta tena. Wakati mmoja alijikuta anaitukana programu kwa sauti ya chini, matusi ambayo angewachapa wanawe kama wangeyatamka. Alikuwa anatwanga maji kinuni, na alijua.

Mwishowe alifanya alichopaswa kukifanya saa mbili kabla, ingawa alikifanya kwa nia mbaya. Alifungua kumbukumbu za mabadiliko, ile orodha ya nani aligusa nini na lini, ili aone Mzee alilifunguaje lile fundo na, Mungu amsamehe, ili apate kosa la Mzee la kumwonyesha mkurugenzi. Akaanzia Jumatano. Siku hiyo Mzee hakugusa kitu. Alhamisi Mzee hakugusa kitu. Alhamisi hiyo hiyo, saa kumi na dakika arobaini alasiri, kulikuwa na badiliko moja lenye maelezo ya maneno matatu: usafi wa mafolda. Aliyelifanya alikuwa yeye mwenyewe.

Alilikumbuka palepale, mpaka na alivyokuwa amekaa. Ilikuwa saa ya kwenda nyumbani, kazi imekwisha, na lile faili la kuwashia programu lilikuwa limekaa peke yake kwenye folda ya nje, halina mwenzake. Lilimkera macho. Akalisogeza ndani, kwenye folda ya damu, pamoja na mengine. Dakika moja tu.

Lakini kiunzi huanza kutafuta vifaa pale lilipo faili la kuwashia, kisha hushuka chini yake. Hakipandi juu wala hakiendi kwa jirani. Karibu kila kitu kilikuwa chini ya folda ya damu, isipokuwa folda moja iliyokaa kando yake, na hiyo ilikuwa folda ya mashine, ya Mzee Kalamu. Tangu Alhamisi kiunzi kilikuwa hakijatia mguu humo. Na kwenye kompyuta yake mwenyewe hakuona kasoro, kwa sababu yeye hakuwa na mashine ya kupimia. Kwake programu ilitumia Msomaji wa kuigiza, aliyetengenezwa kwa ajili ya majaribio, naye alikaa ndani ya folda ya damu.

Nyani haoni kundule. Mama Pacha alibaki ameukodolea macho ule mstari wenye jina lake. Hasira aliyokuwa nayo tangu asubuhi ilikuwa bado imo tele, ila sasa haikuwa na mtu wa kumwangukia.

Mkurugenzi akachungulia mlangoni.

“Umelipata kosa la Mzee?”

Hapo ndipo alipokuwa na nafasi, na hapo ndipo alipoiachia. “Kosa nimelipata,” alisema, na kila neno hapo lilikuwa kweli. Mkurugenzi akashusha pumzi, akaenda zake. Mama Pacha alimsikia akipita ukumbi wa maabara, akiwatuliza watu kwa sauti yake ya upole, kwamba kosa la Mzee Kalamu limeshapatikana, wavumilie kidogo. Angeweza kuinuka. Milango miwili tu. Hakuinuka.

Akalirudisha faili la kuwashia kwenye folda ya nje. Akaifuta mistari yote aliyoiandika kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Akajenga, akawasha, akakaa mikono imebanwa katikati ya magoti. Programu ikaandika mistari yake ya kutia moyo, ikapita pale ilipokuwa inaangukia, ikaendelea, ikaendelea tena, na mwisho ikasema tayari. Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Kwa saa nne alikuwa akiisubiri furaha hiyo, na ilipofika hakuwa na pa kuiweka.

Alikwenda maabara mwenyewe. Wifi alikuwa amesimama kwenye kaunta, koti la baridi bado mabegani, makarani wawili kando yake wakinyoosha vidole vilivyochoka kuandika. Alisikiliza kwamba imewaka, akaitikia kwa kichwa, kisha akasema jambo ambalo Mama Pacha alikuwa amelisahau kabisa. Kabla jibu lolote la mashine halijatumika, sampuli thelathini za kwanza lazima zilinganishwe na majibu ya mkono, na karatasi itiwe sahihi na mkuu wa maabara pamoja na aliyemwandika Msomaji. Kanuni hiyo ilikuwa yao wote, waliipitisha pamoja.

“Mzee yuko wapi?” aliuliza wifi.

“Nimemrudisha nyumbani.”

“Kwa sababu ya kosa lake?”

Karani mmoja aliacha kunyoosha vidole. Mama Pacha alitazama kaunta, akauona mduara wa kikombe uliokauka juu yake, akautazama kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili.

“Hakuwa na kosa, wifi. Kosa ni langu. Nilihamisha faili Alhamisi, sikumwambia mtu. Yeye kaniuliza kimebadilika nini, mimi nikamfukuza.”

Alitegemea kusemwa. Katika miaka kumi na mmoja wifi hakuwa ameikosa nafasi ya namna hiyo. Lakini wifi alivua tu lile koti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti.

“Usimpigie simu,” alisema. “Nenda.”

Mzee Kalamu alikaa mitaa mitatu kutoka pale. Mama Pacha alikwenda kwa miguu, jua likiwa limesimama, beji ya kazi ikimpiga kifuani. Njiani alipanga maneno, akayapangua. Mkewe Mzee ndiye aliyemfungulia. Mama Pacha akaamkia, shikamoo mama, na ile marahaba ilichukua muda kufika. Akakaribishwa uani kwa maneno yote yanayostahili, hakuna lililopungua, na hakuna hata moja lililokuwa na joto.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, anagongomea mguu wa kiti. Alikuwa na misumari mitatu mdomoni. Aliitoa kwanza, akaipanga juu ya kiti, ndipo akamwitikia mgeni.

“Mzee, faili la kuwashia nililihamisha mimi,” alisema Mama Pacha. Alikuwa hajakaa. “Alhamisi. Kazi yako haikuwa na kasoro hata moja.”

“Alhamisi,” alisema Mzee, na akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa jawabu ambalo alikuwa ameshalikisia.

“Nimekukosea sana. Na nimekukosea mbele za watu.”

“Mbele za watu,” Mzee aliitikia. Alitazama uani kote, kamba ya nguo, ndoo, mkewe aliyesimama mlangoni mikono kifuani. “Hapa tuko watatu tu, mwanangu.”

Mama Pacha alimwelewa. Akasema kwamba wa maabara ameshawaambia, na waliobaki atawaambia Jumatatu. Mzee alimaliza kugongomea msumari mmoja uliokuwa umeingia nusu, akanawa mikono, akaenda kubadili shati. Aliporudi alikuwa na daftari. Njia nzima walitembea sambamba, wakiongea mawili matatu juu ya jua na juu ya barabara mbovu.

Sampuli thelathini zilichukua saa moja na nusu. Mzee alikaa kando ya mashine, akisoma jibu moja moja kwa sauti, wifi akilisoma lile la mkono, na karani akitia alama. Mama Pacha alisimama nyuma yao bila kazi yoyote, naye hakuwa mtu aliyezoea kukosa kazi. Zote thelathini zilikubaliana. Wifi akazitazama, akawaza, akasema zifanywe nyingine thelathini. Mama Pacha nusura apige kelele. Mzee akafungua ukurasa mpya.

Ilipotimu saa tisa karatasi ilikuwa na sahihi mbili, vitabu vya zamani vikafungwa, na wachangiaji waliokuwa wamebaki wakaandikishwa kwenye programu mpya. Mzee Kalamu aliaga watu wa maabara mmoja mmoja kwa majina yao. Kwa Mama Pacha alisema kwaheri ya jumla.

Jumatatu, kwenye mkutano wa wiki, walikuwa watu kumi na wawili mezani. Mama Pacha aliomba kusema kabla ya ajenda. Alieleza alilofanya Alhamisi na alilosema Jumamosi, yote mawili, na kwamba alipoulizwa kosa la Mzee alijibu kwa ujanja. Mkurugenzi, ambaye hakupenda mambo ya namna hiyo asubuhi, akasema jamani tusilaumiane, muhimu programu inafanya kazi, tuendelee. Mama Pacha akasema hapana, samahani, bado. Akamgeukia Mzee na kurudia kwamba amemkosea, na anaomba radhi hapo hapo walipo wote.

Mzee Kalamu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa.

“Nimesikia,” alisema.

Akalifungua daftari lake kwenye ajenda ya kwanza.

Mama Pacha alidhani yameisha, na kwa namna fulani yalikuwa yameisha kweli. Wiki mbili baadaye ikaja barua kutoka maabara, ya wifi, fupi na yenye mhuri. Maabara inaleta mashine nyingine mbili, inahitaji mtu wa kudumu wa kuziunganisha na programu, na inamwomba Mzee Kalamu. Mkurugenzi alimuuliza Mama Pacha kama ana pingamizi. Kisha akamuuliza kama ataweza bila yeye. Kisha kama hatapungukiwa. Alikuwa na pingamizi, na asingeweza vizuri, na angepungukiwa sana, maana kwa wiki mbili hizo alikuwa amejaribu kulisoma lile daftari la Mzee juu ya bega lake na kuona ni mangapi hakuyajua. Lakini alikuwa amemwona Mzee alivyoipokea nakala ya barua hiyo, jinsi mabega yake yalivyoshuka kama mtu aliyetua mzigo. Alitia sahihi.

Mzee alihama Ijumaa, na kiti chake. Meza ya karibu na mlango ilibaki tupu, na Mama Pacha akawa anaweka vikombe juu yake. Siku hizi akiwa na jambo la mashine inambidi avuke ukumbi mpaka maabara, apite mbele ya wifi, aamkie, aulizwe hali ya watoto, ndipo afike kwa Mzee. Mzee humjibu kwa ukamilifu, hata hukumbuka kumchorea pale asipoelewa. Akimaliza hurudi kwenye kazi yake, na Mama Pacha hushukuru, akachukua karatasi yake na kurudi zake alikotoka.